Karafuu hazinukii kwa kila mtu

Nimepokea mswada mwingine wiki hii, na ukurasa wa kwanza ni ule ule: harufu ya karafuu imetanda, mawimbi yanapiga ufukweni, adhana inasikika kwa mbali, upepo mwanana unapapasa shavu, na mhusika anaonja chumvi mdomoni. Milango mitano ya fahamu, yote imejazwa kama fomu. Mwandishi kaambiwa kwenye warsha kwamba mandhari ikigusa milango yote inakuwa hai. Si kweli, na naomba tuache kuwafundisha watu hivyo.

Mandhari inakuwa hai pale aliyepo anapokuwa na sababu ya kutambua jambo hili na si lile.

Chukua hizo karafuu. Hadithi iko Pemba, msimu wa kuchuma, na mhusika ni mama wa Wete. Aisikie harufu ya karafuu kwa lipi, naye kazaliwa ndani yake? Anayeisikia ni mgeni aliyeshuka bandarini Mkoani asubuhi hiyo. Mama ana yake: vidole vinanata kwa kuchambua usiku, karafuu huku, makonyo kule. Anajua kwamba karafuu iliyokauka ukiipinda inavunjika, na ambayo bado inajikunja tu. Zaidi ya yote, anaangalia wingu, kwa sababu karafuu zikilowa mkekani rangi inaharibika, daraja linashuka na bei nayo. Jua likififia ghafla uani, yeye ndiye wa kwanza kuona. "Anueni! Anueni!" Watoto wanatoka mbio. Hapo sijatia harufu hata moja, na Pemba imo.

Bahari ndiyo inayonichosha zaidi. Katika miswada mingi imejaa saa zote, kila sura. Jamani, maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mpeleke mhusika wako Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, Jumatatu ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, saa nne asubuhi: maji yamepwa mbali, wanawake wako kwenye mashamba ya mwani, na anayetaka kuogelea atatembea sana. Jumatatu inayofuata, saa ile ile, maji yako juu na hakuna mashamba ya kuonekana. Mkulima wa mwani hupanga siku yake kwa maji hayo: lini apike, lini mtoto abaki kwa bibi. Mwandishi asiyejua maji yako wapi hawezi kujua mhusika wake yuko wapi.

Mengine ni mepesi. Ladha iwepo mtu akila. "Mwanana" na "nzuri" vifutwe.

Linalonipa shaka ni msomaji wa Kigoma ambaye hajawahi kushika karafuu mbichi. Neno "makonyo" linampa nini? Wenzangu wangeweka maelezo chini ya ukurasa. Mimi naliacha, nikiamini vidole vinavyonata vitamfikisha, ila siwezi kuthibitisha. Harufu ndiyo ngumu kabisa. Mara nyingi mtu anayefunga dirisha ananipa uvundo kuliko sentensi nzima ya kuuelezea. Halafu kuna kurasa zenye mazungumzo matupu, hazina rangi wala sauti ya ndege, na kufikia mstari wa tatu nimeshajua niko Pemba. Hizo nadharia yangu haizielezi, na bado nazipenda kuliko zote.