Chura wa kijito na kichaka cha theluji

Chura aitwaye Ascaphus truei ana kitu kinachofanana na mkia, lakini si mkia. Ni kiungo cha uzazi cha dume, na kwa hicho hurutubisha mayai ndani ya mwili wa jike, jambo ambalo vyura wachache sana duniani hulifanya. Sababu ni maji. Kwenye vijito vya milima ya Cascade, magharibi mwa Marekani, mkondo una kasi kubwa. Mbegu zikimwagwa nje, kama wafanyavyo vyura wengi, zingesombwa kabla ya kulifikia yai. Kiluwiluwi wake ana mdomo mpana unaojibandika kwenye jiwe, naye hukwangua mwani papo hapo bila kuachia. Anaweza kuishi hivyo mwaka 1 hadi 4 kabla ya kuwa chura. Akikua, halii kabisa, tofauti na vyura wengi.

Ukifuata kijito kama hicho kwenda juu, msitu ukaisha, unaweza kukikuta Phyllodoce empetriformis, kichaka kisichofika goti, chenye maua ya waridi yaliyoinama kama kengele. Majani yake ni membamba, kingo zimejikunja kwa chini ili maji yasipotee ovyo. Hayapukutiki, hivyo theluji ikiondoka tu huanza kazi, maana kiangazi cha huko ni kifupi mno.

Wengi hudhani theluji ni adui wa mmea huu. La hasha! Ndiyo blanketi lake. Chini ya theluji nene baridi haiwi kali kama ilivyo nje, na upepo mkavu haupenyi. Theluji ikiwa haba, machipukizi hubaki wazi na kuungua kwa jalidi. Hapa ndipo ninapopenda kukazia: dunia ikizidi joto, theluji hupungua, na mmea unaweza kufa kwa baridi.

Theluji ya juu ikiyeyuka, hushuka na kuviweka vijito katika ubaridi anaouhitaji chura. Mayai yake hayastahimili maji ya joto. Miti ya kandokando ikikatwa, jua huyapasha maji, na udongo unaoporomoka huziba nafasi kati ya mawe, wanamoishi viluwiluwi.

Kichaka nacho hukua polepole sana. Buti moja huvunja matawi ya miaka mingi. Ukitembelea milima hiyo, usitoke nje ya njia, wala usigeuze mawe ya kijito. Mayai ya chura hubandikwa upande wa chini wa mawe hayo.