Ndovu wakihamishwa: mambo tunayoambiana ambayo si kweli

Hii ya kwanza naisikia sana huku Pwani, ati ndovu ni ndovu tu, ukimshusha mbuga nyingine atawakuta wenzake na ataingia kundini siku hiyohiyo. Hapana jamani. Mwaka 2005 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitoa ndovu 150 Shimba Hills kule Kwale wakawapeleka Tsavo East, kama kilomita 160 hivi, na watafiti wakawafuatilia. Mwanzoni wageni walishikana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja anatafuta sura anayoijua, na wenyeji wapo hapohapo na ndio wanaojua maji yako wapi. Kuzoeana kulikuja polepole. Fikiria umetoka msitu wenye mvua unajikuta nyika kavu, afya zao zilikuwa chini kuliko za wenyeji na waliokufa walikuwa wengi zaidi, inauma kusema kweli.

Ati akishashuka kwenye lori amehama? Madume hasa hawatulii, Sri Lanka kuna waliovishwa kola za kuwafuatilia wakaonekana wanarudi walikotolewa kwa miguu.

Sasa dhana inayoniumiza zaidi ni ile ya kusema chukueni wadogo, ni rahisi kubeba, wazee waacheni. Afrika Kusini walifanya hivyo, yatima ambao wakubwa wao waliuawa mbuga ya Kruger kupunguza idadi wakapelekwa mbuga nyingine, Pilanesberg, wakakua bila mama wala dume mzee wa kuwatuliza. Vijana wa kiume wakaanza mapema mno ule ukali wa dume anayetafuta jike na ukawakaa muda mrefu, miaka ya 90 wakaua vifaru weupe zaidi ya 40. Mwaka 1998 wakaletwa madume wakubwa sita kutoka Kruger, vijana wakapoa na mauaji yakaisha.

Na msiseme basi yaliisha hapo. Miaka mingi baadaye watafiti waliwachezea ndovu wa Pilanesberg sauti za ndovu wengine kwa spika, wakafanya hivyohivyo Amboseli kwetu Kenya, ambako familia hazikuvunjwa namna hiyo. Familia za Amboseli zikisikia sauti ya mgeni, tena jike mzee mwenye nguvu, zinajikusanya na kusikiliza kwa makini. Wale wa Pilanesberg, sauti ya jamaa na ya mgeni waliichukulia karibu sawa, maana hakuwepo bibi wa kuwafundisha nani ni nani.