Mnyoo wa kompyuta: kwa nini kufomati flashi hakutoshi

Msimu wa wanafunzi kuwasilisha TFC, ile kazi ya kumalizia masomo, ukifika, ingia kwenye kibanda chochote cha kuchapa karibu na kampasi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Hutakaa dakika kumi kabla ya kusikia: "Yaya, flashi yako iko na virusi. Tuifomati?" Mwenye flashi anapauka, maana humo ndimo ilimo kazi ya mwaka mzima. Asikubali haraka. Mara nyingi aliyemo si kirusi bali mnyoo, na kazi haijapotea, imefichwa tu.

Kirusi cha kompyuta hakiwezi kuishi peke yake. Hujibandika ndani ya faili au programu ya mtu, kikangoja ifunguliwe ndipo nacho kiamke. Mnyoo ni programu kamili inayojitegemea: anajinakili mwenyewe, kisha anatafuta mwenyewe njia ya kuhamia mashine nyingine. Kuna na trojani, ile inayojifanya kitu kizuri, kwa mfano ufunguo wa bure wa kufungulia programu ya kulipia. Hiyo haijinakili, wewe mwenyewe ndiye unayeikaribisha ndani. Mtaani zote tunaziita virusi na sina ugomvi na hilo, ila siku ya kusafisha tofauti inaonekana. Mnyoo ukimwacha mahali pamoja tu, kesho utamkuta kote.

Anaingiaje? Njia ya kwanza ni mtandao, na hapo hahitaji mtu abofye chochote. Programu za kompyuta huwa na makosa ya waundaji, mnyoo akijua kosa moja analitumia kama tundu ukutani. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Robert Tappan Morris, aliachia mnyoo uliopita kwenye matundu ya namna hiyo na kubahatisha manywila dhaifu. Kabla ya kuingia, mnyoo ule uliuliza mashine kama tayari kuna nakala yake ndani. Lakini Morris aliogopa watu wataifundisha mashine kujibu "ndiyo" kwa uongo, basi akaupa amri: mara 1 kati ya 7, ingia tu hata ukijibiwa hivyo. Hesabu hiyo ndiyo iliyoharibu mambo. Nakala zilirundikana ndani ya mashine moja hadi ikashindwa kufanya kazi. Inakadiriwa kompyuta 6,000 ziliathirika, wakati intaneti nzima ilikuwa na kama 60,000.

Miaka 14 na kidogo baadaye, tarehe 25 Januari 2003, ukaja mnyoo Slammer. Ulikuwa na baiti 376 tu, mfupi kuliko aya uliyoisoma sasa hivi, na mwanzoni idadi ya mashine zilizoambukizwa ilikuwa ikiongezeka maradufu kila sekunde 8.5. WannaCry wa Mei 2017 ndio unaokumbukwa zaidi, kwa sababu ulifunga faili za watu na kudai malipo. Kinachouma ni kwamba Microsoft, waundaji wa Windows, walikuwa wameshatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu lile, mwezi Machi. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha.

Ila kwetu huku, mega za intaneti ni ghali na mashine nyingi za vibandani hazina intaneti siku nzima. Mnyoo wetu anasafiri mfukoni. Wenye kusema "mashine yangu haijaunganishwa, iko salama" wakumbuke mnyoo Stuxnet, uliogunduliwa mwaka 2010: uliifikia mitambo ya nyuklia ya Natanz kule Iran, ambayo haikuwa kwenye intaneti, na flashi ilikuwa moja ya njia zake.

Zamani ilitosha kuchomeka tu. Windows ilisoma faili ya autorun iliyomo kwenye flashi na kuendesha ilichoambiwa bila kuuliza. Microsoft waliuziba mlango huo kuanzia Windows 7, na mwaka 2011 wakatoa sasisho kwa matoleo ya nyuma yake. Minyoo wakabadili mbinu: kama mashine haitawafungulia, basi mtu atafungua kwa mkono wake.

Binti mmoja alikuja kwenye kibanda kimoja cha Kadutu, hapa Bukavu, na flashi ya GB 8, mimi nikiwa nyuma yake kwenye foleni. Ilipofunguliwa, folda zake hazikuonekana. Palikuwa na ikoni moja tu yenye jina la flashi yenyewe, na kwenye pembe yake mshale mdogo. Mshale huo ni alama ya njia ya mkato, ile ambayo mashine zetu za Kifaransa huiita raccourci. Kijana wa kibanda akaibofya mara mbili. Folda zote zikatokea, kazi ikachapwa, binti akalipa, akaenda zake. Hakuna aliyeona tatizo, na ujanja wote uko hapo.

Njia ile ya mkato ilibeba amri mbili. Ya kwanza iliendesha mnyoo aliyefichwa kwenye flashi, ya pili ikafungua folda za binti ili asishtuke. Folda zenyewe mnyoo alikuwa amezihamishia ndani ya folda nyingine ambayo jina lake ni nafasi tupu, kisha akaitia alama ya kufichwa. Akiwa ndani ya mashine, anajinakili kwenye folda za mtumiaji, anajiandikisha kati ya programu zinazoamka kompyuta inapowashwa, kisha anakaa akisubiri flashi inayofuata. Wateja waliochomeka zao jioni ile waliondoka naye bila kujua.

Kwa hiyo anayeanza na flashi anachota maji kwa pakacha. Ataifomati, ataichomeka tena kwenye mashine ile ile, na mnyoo atarudi ndani ya sekunde chache. Kinachotangulia ni mashine. Sasisha kwanza antivirusi. Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender ndani, huna haja ya kununua kitu. Kisha chomoa flashi zote, kata Wi-Fi na waya wa mtandao, uchague uchunguzi ule wenye maneno "hors ligne" (nje ya mtandao). Mashine itajizima na kuwaka tena, halafu itachunguzwa kabla Windows yenyewe haijaamka, mnyoo akiwa bado amelala. Inachukua kama robo saa. Hakikisha betri imejaa, maana umeme wetu hauagi ukiondoka. Wapo minyoo, kama Conficker wa mwaka 2008, wanaozuia mashine isifike kwenye tovuti za antivirusi. Hapo pakua dawa kwenye kompyuta nyingine iliyo safi.

Ikishawaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone kinachoendeshwa. Ukikuta wscript.exe na wewe hujui kazi yake pale, kuna uwezekano mnyoo bado yumo. Usiifute hiyo yenyewe: ni chombo halali cha Windows, mbaya ni hati, yaani faili ya amri, ambayo chombo hicho kinaisoma. Angalia pia orodha ya programu zinazoamka na mashine, zima zenye majina yasiyoeleweka. Kama mashine zako zimeunganishwa pamoja, zitenganishe zote, safisha moja moja, na usirudishe waya hadi ya mwisho iwe tayari. Na kama bado unatumia Windows 7, ambayo haijapata viraka vya kawaida tangu Januari 2020, ujue unapiga deki huku paa linavuja.

Sasa ndipo flashi. Ichomeke, usibofye kitu, ichunguze kwa antivirusi. Halafu fungua dirisha la amri (cmd) na uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Amri hiyo inaondoa alama za kuficha kwenye kila faili na folda. Ile folda isiyo na jina itajitokeza, na kazi yako imo. Inakili pembeni, zifute njia za mkato zilizobaki, na sasa, ukitaka, fomati. Aliye na simu ya Android na waya wa OTG, ule wa kuchomekea flashi kwenye simu, anaweza kuokoa faili zake hata kabla ya haya yote: hati za Windows haziendeshwi kwenye simu, na mara nyingi simu haijali alama ya kuficha. Manywila ya barua pepe na ya pesa, yabadilishie kwenye kifaa safi, kwa kuwa minyoo wengine hubeba wezi mgongoni.

Kabla ya kumwambia mteja mashine imepona, chukua flashi isiyo na kitu muhimu, weka humo folda moja, uichomeke. Ngoja dakika mbili. Ichomoe, ifungue kwenye simu. Folda ikiwa peke yake kama ulivyoiacha, sawa. Ukikuta kitu ambacho hukukiweka, rudi kwenye mashine, bado yumo.