Spinachi ya Dodoma si ile ya kwenye picha

Ukifika soko la Majengo ukaomba spinachi, utapewa fungu la majani mapana yenye mikunjo na vikonyo vyeupe vinene. Jina limeshakaa na wala sipendekezi tulibadili. Ila kwa wataalamu wa mimea hiyo ni Beta vulgaris, ndugu wa damu wa bitiruti, isipokuwa hii huliwa majani. Mbegu zake nyingi madukani huandikwa Fordhook Giant. Spinachi yenyewe, Spinacia oleracea, ni mmea mfupi wa majani laini, asili yake pande za Uajemi, na hupenda baridi.

Kuchanganya hizi mbili ndiko kunakozaa ule usemi kwamba spinachi "haikubali" Dodoma. Niliwahi kuuamini. Shemeji yangu aliniletea pakiti ya mbegu za spinachi halisi kutoka Ulaya, nami nikazipanda Oktoba, jua likiwa kali kama limetumwa. Zilizoota zilihesabika. Hizo chache nazo zikarefuka na kutoa maua kabla sijachuma mboga ya mlo mmoja. Nikalaumu mbegu, nikalaumu udongo, kumbe kosa langu. Mbegu ya spinachi halisi huota vizuri kwenye udongo wa nyuzi 10 hadi 20 hivi. Ukipita 30, nyingi zinagoma. Ulaya kinachoiharakisha kutoa maua ni urefu wa mchana wa kiangazi. Kwetu mchana haufiki hata saa 13, kwa hiyo mkorofi mkubwa ni joto. Ukiitaka kweli, ipande Mei, ikomae Juni na Julai wakati usiku unadai blanketi, na uiwekee kivuli cha mchana. Hii yetu ya vikonyo vyeupe huvumilia joto zaidi, na ukiihudumia utaichuma miezi kadhaa.

Kuna wanaorudisha mbegu za hii yetu dukani wakidai ni mbovu kwa sababu shimo moja limetoa miche mitatu. Hakuna ubovu. Kile kipunje kigumu ni fungu la mbegu zilizoshikana. Loweka usiku mmoja, panda kina cha sentimita 2, kisha punguza miche ubakize mmoja kila sentimita 30. Uliyoing'oa ipike.

Jambo linaloniudhi zaidi ni hili la kwamba bustani bila tuta lililoinuka si bustani. Tuta la juu linafaa penye mvua nyingi, maana linatoa maji. Dodoma hupata milimita zisizofika 600 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Sasa ukiinua udongo, unauanika. Fanya kinyume: chimba kitalu kiwe chini ya usawa wa ardhi kwa shubiri moja, changanya samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza vizuri (mbichi huunguza mizizi), panda humo, kisha tandaza nyasi kavu juu. Dumu la maji ulilomwaga halikimbii, linabaki lilipo. Msimu wa mvua fungua mfereji upande mmoja, vinginevyo mizizi itaoza.

Na maji ya chumvi? Visima vingi vya huku vina chumvi, watu wakakata tamaa na mboga zote. Lakini babu wa hii spinachi yetu huota mwituni kandokando ya bahari, hivyo huvumilia chumvi kuliko mboga nyingi. Udhaifu wake uko utotoni: wiki mbili za kwanza mpe maji ya bomba, kama mgao umekukumbuka. Baadaye mwagilia kwa wingi mara chache. Ukinyunyiza kidogo kila siku, chumvi hubaki juu na utaona ukoko mweupe.

Asiyetaka mbegu kabisa atafute nderema, anayeitwa spinachi na wengine ingawa hahusiani nayo. Hutambaa, hupandwa kwa kipande cha shina, hupenda joto ila anataka maji. Watu humkataa kwa utelezi. Aliyelelewa kwa mlenda ataona hapo pana shida gani?

Kuhusu ule usemi kwamba spinachi huongeza damu, tunauzidisha kidogo. Gramu 100 za spinachi halisi zina madini ya chuma miligramu 2.7 hivi, kiasi si kibaya, ila mwili hufyonza sehemu ndogo tu. Kamulia limau au pika na nyanya, chai isubiri kitambo baada ya mlo. Mjamzito aliyepewa vidonge kliniki aendelee navyo. Sufuria ya mboga haichukui nafasi yake.

Wakati wa kuchuma, usikate mmea wote. Toa majani ya nje, acha yale madogo ya katikati, urudi baada ya wiki. Kuku wa jirani hawajui utaratibu huo, kwa hiyo nunua wavu kabla ya mbegu.