Baridi ya Mto Flathead humtunza samaki na kumdhuru mpiga kasia

Mwezi Juni jua la Montana, jimbo la Marekani, laweza kumfanya mtu avue koti, ilhali maji ya mto Flathead aliosimama kandoni mwake yametoka kwenye theluji inayoyeyuka milimani. Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wageni. Wao huvaa kufuatana na hewa. Sisi tunaoshughulika na mito tunawasihi wavae kufuatana na maji.

Tawi la Kaskazini na Tawi la Kati la mto huu ndiyo mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Glacier upande wa magharibi na kusini-magharibi. Matawi hayo hayana bwawa la kuyatuliza kama lile la Hungry Horse kwenye Tawi la Kusini, kwa hiyo theluji inapoyeyuka Mei na Juni, mto hufura.

Ukitumbukia, pumzi hukatika papo hapo na unaanza kuhema bila kutaka. Kichwa kikiwa chini, utavuta maji. Pumzi huchukua kama dakika 1 kutulia. Ndani ya dakika 10 hivi vidole havishiki tena kamba wala kasia. Mwili mzima kupoa hadi kuzimia huchukua muda mrefu zaidi, lakini asiye na jaketi okozi huwa ameshazama kabla ya hapo, hata akiwa muogeleaji hodari. Basi jaketi livaliwe na kufungwa vizuri kabla boti haijaachana na ukingo.

Ukiwa ndani ya mkondo mkali usijaribu kusimama, kwani mguu ukinasa kati ya mawe maji yatakulaza kifudifudi. Elea chali, miguu ikitangulia. Lakini ukiona mti ulioanguka mtoni, geuka uogelee kwa nguvu zako zote kuukwepa: maji hupita kati ya matawi yake, mtu hunasa. Mvuvi anayeingia mtoni kwa miguu naye akumbuke kwamba kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huwa mara nne.

Baridi hiyohiyo ndiyo uhai wa trauti, samaki wa maji baridi. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 0 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 20 hubaki kama 9. Ndiyo sababu maji yakikaribia nyuzi 20 mwishoni mwa kiangazi, ni heri kukunja ndoana: samaki aliyechoka kwa kupambana huenda akafa hata ukimwachia. Siku nyingine vueni asubuhi, mloweshe mikono kabla ya kumshika, na msimtoe majini kwa ajili ya picha.

Yupo mmoja ninayemwombea uangalifu wa pekee, *Salvelinus confluentus*, trauti wa asili anayelindwa na sheria ya Marekani kama spishi inayotishiwa kutoweka. Tazama pezi la mgongoni: lisipokuwa na madoa meusi wala michirizi myeusi, mrudishe mara moja. Majira ya kupukutika majani jike huchimba kiota kwenye kokoto za vijito na kutaga humo. Ukiona kokoto safi zilizofukuliwa, zenye rangi nyepesi kuliko zilizozizunguka, pita mbali nazo. Mayai yatakaa humo majira yote ya baridi.