Gesi ya kiyoyozi haiishi: elimu kwa umma kuhusu kupoza nyumba msimu wa joto

Joto likishika kasi, dawati letu la malalamiko hupokea habari ileile kutoka kwa watu tofauti: kiyoyozi hakipozi, fundi kasema gesi imeisha, kajaza, na baada ya miezi michache imeisha tena. Malalamiko haya yamezidi kiasi cha kutulazimu kuandika. Tunaamini wengi wanataka nyumba yenye ubaridi bila kuharibu mazingira, wala hatumlaumu mtu. Ila kabla ya kufika kwenye gesi, tuitazame nyumba yenyewe, kwa sababu viyoyozi vingi tunavyoletewa habari zake vinapambana na joto ambalo lingezuiwa nje.

Jua likishapenya kioo, pazia la ndani limechelewa. Joto tayari limo chumbani. Kivuli kiwe nje: upenu, mti, pazia la mianzi, luva. Madirisha ya mashariki na magharibi yapewe kipaumbele, maana asubuhi na jioni jua liko chini na huingia chini ya upenu. Paa nalo lipakwe rangi nyeupe. Rangi nyeupe iliyo safi hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga wa jua, ilhali paa jeusi hunyonya kiasi hicho au zaidi. Vumbi likitanda faida hupungua, kwa hiyo lioshwe.

Kuhusu madirisha, hapa ndipo tunapobishiwa sana. Hewa ya nje saa nane mchana ikiwa na joto kuliko ya ndani, kuyaacha wazi ni kukaribisha joto. Fungua usiku na alfajiri, pande mbili zinazotazamana, kisha funga jua linapopanda. Ikiwa ndani kuna joto kuliko nje, fungua saa yoyote. Kinachoamua ni kipimajoto, si mazoea.

Feni haipozi chumba. Humpoza mtu kwa kukausha jasho lake. Feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu inaongeza joto la mota yake tu. Shirika la Afya Duniani linashauri isitumike joto likizidi nyuzi 40, kwa kuwa wakati huo humpelekea mwili joto badala ya kuuondolea. Shuka lenye maji lililotundikwa dirishani husaidia penye hewa kavu: lita moja ya maji ikikauka huchukua joto linalokaribia uniti 0.7 za umeme. Penye unyevunyevu mwingi haisaidii. Na tafadhali, kuacha mlango wa jokofu wazi hakupozi jikoni. Tumeulizwa tena mwaka huu.

Sasa kiyoyozi. Kukiweka nyuzi 16 hakukifanyi kipoze haraka. Kiyoyozi cha kawaida hupoza kwa kasi ileile, isipokuwa hakitapumzika. Nyuzi 25 hadi 27 pamoja na feni zinawatosha watu wengi. Chujio lisafishwe.

Gesi yenyewe huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Haichomwi kama mafuta ya gari. Ikipungua, imevuja, na kujaza bila kuziba ni kuilipia ikatoroke hewani. R-410A, iliyomo katika viyoyozi vingi, hupasha dunia joto mara 2,088 kuliko kiasi sawa cha hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. R-32 ni mara 675. Ndiyo sababu Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 katika Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, yanazitaka nchi zipunguze gesi za aina hii hatua kwa hatua.

Utaratibu unaotakiwa ni huu. Fundi anapima mgandamizo kwa geji. Gesi iliyobaki anaivuta kwa mashine na kuihifadhi kwenye mtungi maalumu, haifungulii hewani. Anajaza naitrojeni, anatafuta tundu kwa povu la sabuni, anaziba, anapima tena. Kisha anatoa hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu na kuuacha mfumo utulie aone kama sindano ya geji inapanda. Mwisho anajaza gesi kwa kuipima kwenye mizani, uzito ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kazi ya dakika kumi haiwezi kuwa imepitia hatua hizi.

Aina ya gesi isibadilishwe kiholela. Propani, yaani R-290, inawaka. Kuitia kwenye mashine ya R-22, gesi ya zamani isiyowaka, kwa sababu ni rahisi kupatikana ni kuweka mlipuko ukutani. Mwaka 2011 kulitokea milipuko iliyoua watu kwenye makontena ya baridi yaliyokuwa yamejazwa gesi bandia. Ndani yake mlikuwa na kloridi ya methili, ambayo ikikutana na aluminiamu huzaa kemikali inayowaka ikigusa hewa.

Kuhusu adhabu, sheria hutofautiana nchi na nchi, hivyo wananchi wasome za kwao. Kwa jumla, nchi nyingi zinahesabu kuachia gesi hizi hewani kwa makusudi kuwa kosa. Fundi anaweza kutozwa faini na kunyang'anywa cheti. Kuingiza gesi zinazodhibitiwa bila leseni ni kosa jingine, na shehena yaweza kutaifishwa. Mwenye nyumba aliyemwamuru fundi "afungulie tu" asidhani hahusiki.

Anayeleta malalamiko aje na risiti yenye jina la gesi na uzito uliojazwa, picha ya kibandiko cha mashine, na tarehe ya kila mara iliyojazwa. Malalamiko yasiyo na risiti tunayapokea pia, ila uchunguzi wake huchukua muda mrefu zaidi, na mara nyingi fundi hukana kuwahi kufika.