Wimbo haushuki usiku mmoja, hata kama filamu imekuonyesha hivyo

Ikitoka filamu nyingine ya mwanamuziki chipukizi, najua kitakachofuata: watu wanakuja studio kusubiri wimbo. Gitaa mapajani, macho darini. Ukiuliza ubeti wa pili uko wapi, jibu ni lile lile: "Bado haujanijia." Hautakujia.

Dhana: wimbo mzuri huja wote kwa mkupuo

Mfano ninaopewa sana ni Once, filamu ya 2007 iliyopigwa Dublin. Mwimbaji wa mtaani anaingia duka la ala na msichana mpiga piano, anamwelekeza wimbo juu juu, na punde wanaimba sauti mbili zilizooana kabisa. Ni tamu kutazama. Ila waigizaji hao, Glen Hansard na Markéta Irglová, walikuwa wakipiga muziki pamoja kabla ya filamu hiyo, na "Falling Slowly" ulishatoka kwenye albamu mwaka 2006. Pale dukani unawaona watu wawili wanaoujua wimbo wakijifanya hawaujui, na wanajifanya vizuri mno.

Halafu kuna A Star Is Born ya 2018. Ally, mwimbaji chipukizi anayeigizwa na Lady Gaga, anatoa kipande cha "Shallow" usiku, kwenye maegesho ya magari, na muda si mrefu anakiimba jukwaani mbele ya umati. Nje ya filamu wimbo huo una watunzi wanne: Lady Gaga, Mark Ronson, Anthony Rossomando na Andrew Wyatt. Wanne, na hakuna mgeni wa kazi hii hata mmoja!

Filamu ya saa mbili haina nafasi ya kuonyesha mtu akifuta mstari ule ule tangu asubuhi. Basi fanya hivi: andika ubeti mbovu leo, urekodi kwenye simu, kesho uuimbe bila ala. Panapokukwama mdomoni ndipo pa kuanzia. Mara nyingi utakuta noti nzito imeangukia silabi isiyo na mkazo. Imba "nitakupenda" ukikandamiza "ta" badala ya "pe", utasikia jinsi inavyochechemea. Hilo linatengenezwa kwa kalamu, si kwa kutazama dari.

Dhana: mwalimu katili ndiye huzaa kipaji

Hii ni ya Whiplash (2014), ambamo mwalimu Fletcher anasimulia kwamba mpiga ngoma Jo Jones alimrushia mpiga saksafoni Charlie Parker kisahani cha ngoma nusura amkate kichwa. Kwa simulizi ya waliokuwapo, kilitupwa sakafuni, miguuni pake. Kilichombadilisha Parker ni mazoezi.

Dhana: waigizaji wote huimba wenyewe

Wengine huimba. Katika That Thing You Do! (1996), sauti ya mwimbaji kiongozi si ya mwigizaji, ni ya mwanamuziki Mike Viola.

Dhana: ukishasikika, pesa zinajileta

Ajabu ni kwamba hapa filamu zenyewe zilishasema kweli, watu hawakusikiliza. Katika The Harder They Come (1972), Ivan, anayeigizwa na Jimmy Cliff, analipwa dola 20 kwa wimbo wake. Katika Inside Llewyn Davis (2013), jamaa ana shida ya haraka, anachukua pesa taslimu na kuiacha mirabaha, yaani malipo ya kila wimbo unapouzwa au kupigwa.

Kwangu hakuna anayetoka studio kabla ya karatasi: jina la wimbo, nani kaandika maneno, nani katunga melodi, asilimia ya kila mmoja, sahihi na tarehe. Mkiwa ndugu wa tumbo moja, sainini mara mbili.